Nilimfuta Broka kwa Kalamu Nyekundu

Nilikosea, na kosa lenyewe halikuwa la wizi wala la hesabu. Niliandika bajeti ya mradi wa chakula, ikapita, pesa zikaja. Ndani yake mlikuwa na chumba cha baridi, mizani, kreti za plastiki, mafunzo ya uongozi, fulana za uzinduzi na hata maji ya chupa ya wageni. Hamkuwa na shilingi ya kumlipa mkulima siku anayovuna. Mradi ulikuwa wa kuuzia shule mboga, na shule hazilipi siku mboga zinapoingia langoni. Kitengela nzima inalijua hilo. Mimi pia nililijua. Nimefundisha shule ya upili miaka mingi, nimepita mara nyingi kando ya wauzaji walioketi nje ya ofisi ya bursa, mhasibu wa shule, wakingoja hundi. Nililijua na sikuliandika.

Nasimulia haya kwa sababu nina hakika kuna mtu, awe Isinya, Kisumu au Bukoba, anayejaza sasa hivi fomu ya ruzuku kama niliyojaza mimi. Ana nia njema na lugha nzuri, na kikundi cha akina mama kinamngoja. Sina cha kumfundisha kuhusu nia njema. Nina la kumwambia kuhusu pesa na siku.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwanzoni mwa 2023 kaunti yetu ya Kajiado ilikuwa inatoka katika ukame mbaya. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020, na boma zilizokuwa na ng'ombe zikabaki na mbuzi wachache. Akina mama wa Kimaasai waliozoea kuuza maziwa kila asubuhi hawakuwa na cha kuuza. Baadhi yao, kati ya Kitengela na Kisaju, walianza kupanda sukuma wiki, spinachi na managu kwa maji ya visima virefu. Wakajiunga na majirani waliohamia kutoka kwingine na kununua ploti ndogo, wale wenye grinhausi moja nyuma ya nyumba. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kikundi. Walijiunga wenyewe, hawakuningoja mimi.

Soko lilikuwepo, tena kubwa. Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na watu zaidi ya 154,000, na kaunti nzima na zaidi ya milioni 1.1. Kila kona ina shule, na shule inapika kila siku ya masomo. Lakini kabichi ilikuja kwa lori kutoka Kinangop, na nyanya ya Loitokitok, iliyolimwa ndani ya kaunti hii hii, inaweza kulala Nairobi kwanza kabla ya kurudi kwetu ikiwa imepanda bei. Katikati ya shamba na sufuria ya shule alisimama broka. Alinunua kwa mama kwa bei ya chini, akauza shuleni kwa bei inayokaribia mara mbili. Nilipoona tofauti hiyo nilichukia. Nikaona tatizo limejieleza lenyewe na suluhisho ni kumwondoa yule mtu.

Wakati huohuo mambo mengi yalinipa moyo. Jirani zetu Nairobi walizindua Dishi na County mwaka huo wa 2023, watoto wa shule za msingi za umma wakala mchana kwa shilingi tano. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nikasoma kuhusu Brazil, ambako sheria ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya pesa za serikali kuu za chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wa familia. Basi shirika moja la ufadhili lilipotangaza ruzuku kwa miradi ya mifumo ya chakula yenye usawa na ununuzi wa taasisi, nilihisi wameniita kwa jina. Nikakesha nikiandika.

Pendekezo lile lilikuwa tamu kusoma. Neno usawa lilijirudia karibu kila ukurasa. Palikuwa na mnyororo wa thamani, palikuwa na ustahimilivu, palikuwa na vijana waliowezeshwa. Na palikuwa na mchoro, ambao hadi leo unaniaibisha kuliko kitu kingine chochote mle. Kushoto nilichora shamba, kulia shule. Katikati nilichora kiduara kilichoandikwa "broka", kisha nikapiga juu yake alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Ualimu haumtoki mtu. Mshale wa kijani ulitoka shambani kwenda shule, hizo ni mboga. Mshale wa buluu ulitoka shule kurudi shambani, hizo ni pesa. Mishale yote miwili niliichora kwa rula, urefu uleule. Afisa wa shirika aliusifia mchoro huo mbele ya watu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu siku hiyo niliuonyesha kila nilipopewa nafasi ya kusema.

Wa kwanza kuuliza swali la maana alikuwa mama mmoja wa makamo, katika mkutano wa kikundi chini ya mgunga. Alikuwa amekaa kimya nikieleza habari za zabuni na vyeti. Nilipomaliza akainua mkono.

"Mwalimu, broka akija asubuhi, jioni nina unga. Hawa wa shule watalipa siku gani?"

Nilimjibu kwamba ndiyo sababu tunaungana, ili tuwe na sauti moja ya kudai haki yetu. Watu wakapiga makofi. Yeye aliuliza siku, mimi nikampa hotuba. Hakuuliza tena. Nikadhani ameridhika.

Pesa zilipofika tulizitumia kama tulivyoandika, na wakaguzi hawakupata dosari. Chumba cha baridi ndicho kilichokula fungu kubwa. Sasa fikiria: sukuma inayovunwa alfajiri Kisaju, ikabebwa kwa gari la Probox na kufika shuleni kabla ya kengele ya asubuhi, inawekwa sufuriani siku hiyohiyo. Itaingia chumba cha baridi saa ngapi? Nilikiweka kwa sababu nilijua wafadhili hupenda kitu kinachoweza kupigwa picha na kuwekewa kibao. Mafunzo ya uongozi yalifanyika hotelini. Tukasajili kikundi, tukachukua PIN ya KRA, cheti cha kulipa kodi, kibali cha biashara cha kaunti, vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, na cheti cha ile asilimia 30. Hicho cha mwisho tulikitia kwenye fremu. Nilidhani cheti cha kuruhusiwa kuuza ni sawa na kuuza, na kuuza ni sawa na kulipwa.

Tulianza kupeleka mboga muhula wa tatu wa 2023 kwa shule moja ya upili kando ya barabara ya Namanga. Wapishi walizisifu. Mtunza stoo alipima na kutia sahihi. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya broka, nami nikaandika ripoti ya robo mwaka nikasema kipato cha wanachama kimepanda. Kwenye karatasi kilikuwa kimepanda. Malipo ya muhula ule yalikuja karibu na Krismasi, na yale ya muhula wa kwanza wa 2024 hayakuja. Niliwaambia akina mama wavumilie, hizi ni taratibu. Mshahara wangu, uliotoka katika ruzuku hiyohiyo, uliingia kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba ruzuku yao.

Kisha ukaja Aprili. Katika mpango wangu shule ilikuwa soko la mwaka mzima, kwa sababu jedwali lilikuwa na miezi kumi na miwili na nilijaza visanduku vyote. Shule hula miezi tisa hivi. Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka jikoni hamna moto, lakini sukuma haijui likizo. Tulipanga mavuno makubwa ya kupokea muhula wa pili, uliokuwa ufunguliwe tarehe 29 Aprili 2024. Mvua za masika mwaka ule zilikuwa za mafuriko. Serikali ikasogeza ufunguzi hadi tarehe 6 Mei, kisha ikaahirisha bila kutaja siku, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kitengela watu waliokolewa kwa mashua. Udongo wetu mweusi ukilowa haupitiki. Hunata kwenye gurudumu hadi tairi inakuwa duara la tope na gari linakaa palepale. Mboga zilizeeka shambani, nyingine zikaliwa na mbuzi. Mafuriko sikuyaleta mimi. Lakini kikundi kilichokuwa na mnunuzi mmoja tu, asiyelipa papo hapo, kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Julai nilikwenda kwa bursa nikiwa na faili na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha kwamba sheria ya ununuzi ya 2015 inamruhusu muuzaji kudai riba kwa malipo yaliyochelewa. Nje ya mlango palikuwa na benchi la mbao, na juu yake ameketi mzee mwenye koti la kijivu na gambuti zenye tope kavu. Nilimtambua. Ndiye broka niliyemfuta kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimemwandika katika kurasa kadhaa bila kuwahi kuzungumza naye.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Salama tu, Mwalimu. Na wewe umekuja kungoja?"

Nikamwambia tunadai tangu muhula wa kwanza. Alicheka kidogo, bila dharau. Akatoa mfukoni daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti, akalowesha kidole gumba, akafunua. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu alizozipiga mstari kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa siku aliyonunua kwa mkulima. Ya pili, siku aliyopeleka shuleni. Ya tatu, siku aliyolipwa. Safu mbili za kwanza zilikwenda sambamba, tarehe ileile au ya kesho yake. Safu ya tatu ilikuwa na mapengo mengi, na palipojazwa, mwezi ulikuwa mwingine kabisa. Katika ukurasa alionionyesha, madeni ya mwaka uliopita yalikuwa bado wazi. Hakuwa na hasira wala faili. Alikuwa amekuja kukumbusha, kama ajavyo kila mara.

Nikamuuliza anaishije.

"Nina vyumba vya kupangisha Noonkopir," akasema. "Na lori likikosa mboga linabeba mchanga. Mkulima namlipa palepale shambani, kwa hivyo yeye hanidai. Shule nayo nitaingoja. Bila ile kodi ya nyumba, Mwalimu, hii kazi singeiweza hata muhula mmoja." Akafunga daftari. "Sasa wale mama zako unawalipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Niliangalia faili langu. Mlikuwa na ankara zetu, nakala za hati za kupokelea mizigo, vyeti, na nyuma kabisa ule mchoro, maana nilikuwa naubeba kila mahali. Mishale miwili, urefu mmoja. Nilijaribu kuhesabu mshale wa buluu ungepaswa kuwa mrefu kiasi gani kama ningeuchora kwa miezi badala ya rula. Ungetoka nje ya karatasi. Na pale ulipotoka nje ndipo mzee huyu alipokuwa akisimama miaka yote, akilipa asubuhi na kulipwa mwaka mwingine. Nilikuwa nimefuta benki ya wakulima wangu bila kuuliza kama tuna nyingine.

Simtakasi. Bei yake ni ya chini na mizani yake inajipendelea. Akina mama wamenieleza, nami nimepima. Ile tofauti ya bei niliyoiita unyonyaji, sehemu yake ilikuwa unyonyaji kweli. Sehemu nyingine ilikuwa bei ya kungoja. Sikuzitenganisha, kwa sababu sikujua kwamba kungoja kuna bei.

Bursa naye hakuwa mtu mbaya. Aliponiita ndani alinieleza jambo ambalo nikiwa mwalimu darasani sikulifahamu vizuri. Katika shule ya kutwa, chakula cha mchana ni pesa za wazazi, na wazazi hulipa vipande vipande. Mgao wa serikali, shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haukusudiwi chakula. Lakini ukichelewa, stima inataka kukatwa, walimu walioajiriwa na bodi wanataka mshahara, na pesa zilizo karibu ni zile za chakula. Zinaazimwa. Anayezikopesha bila kuulizwa ni muuzaji wa mboga. Nilitoka nikiwa na hundi ya sehemu ya deni, na ile habari ya riba sikuitaja. Ningeidai, muhula uliofuata nisingeitwa.

Jioni ile nilifungua rejista ya kikundi, nikaweka alama kando ya majina ya walioacha kuleta mboga. Kisha nikaangalia waliobaki. Mmoja ana duka la dawa. Mwingine mumewe ni askari. Mwingine ana nyumba za kupangisha, sawa na broka. Kila aliyebaki alikuwa na mlango mwingine wa pesa. Walioondoka ni wale ambao mboga ndiyo ilikuwa mlango wao wa pekee, wengi wao wakiwa wale akina mama waliopoteza ng'ombe. Mradi niliouandika kwa ajili ya usawa uligeuka chujio: ulipitisha maskini, ukabakiza wenye nafasi. Haikuwa bahati mbaya. Anayeweza kungoja ndiye anayeweza kuuzia shule, na mimi nilikuwa nimetengeneza soko la wanaoweza kungoja nikaliita la maskini.

Gharama yake naweza kuitaja kwa ufupi. Karibu nusu ya wanachama walitoka. Chama chao cha kuweka na kukopa kilikaushwa na watu waliokuwa wakikopa kulipia maji ya kisima huku wakingoja shule, na mgao wa Desemba haukuwepo. Chumba cha baridi kinahifadhi kreti tupu. Mama aliyeuliza swali chini ya mgunga alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Aliuza mbuzi wa maziwa aliyebaki baada ya ukame ili anunue mbegu na maji. Pesa zake alikuja kulipwa zote, Oktoba. Hazikutosha kununua mbuzi kama yule. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia yeye sasa anamuuzia broka, na kwamba hana kinyongo. Aliniuliza pia kama mradi umeisha. Nikamwambia bado una miezi.

Nilirudi kwenye vitabu nikakuta nisingehitaji kukosea ili nijifunze. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka 2008 mpango wa P4P katika nchi 20, Kenya ikiwemo, wa kununua nafaka kwa vyama vya wakulima wadogo. Moja ya shida zilizojitokeza mapema ni kwamba malipo yalichelewa, na wanachama wakauza kando kwa yeyote mwenye pesa mkononi. Hata Brazil niliyoinukuu kwa fahari, nilichukua ile asilimia 30 nikaacha kilichoibeba. Kufikia 2009 wakulima wale walikuwa na mikopo ya Pronaf, mpango wa serikali yao wa kuwakopesha wakulima wa familia, tangu miaka ya 1990. Mkulima mwenye mkopo anaweza kungoja hundi ya manispaa. Mimi nilinukuu sheria na kuacha mkopo.

Hapa kwetu pia kulikuwa na njia. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa 2007, na ile ya Vijana ya 2006 zina mikopo ya kumwezesha mwenye LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, kutimiza agizo kabla hajalipwa. Lakini mkopo huo unataka LPO iliyoandikwa, na mimi niliridhika na simu ya mtunza stoo: "Mwalimu, kesho tuletee magunia matatu." Mwaka mzima niliitikia simu. Sikuomba karatasi, kwa sababu kuomba karatasi kungeonekana kutomwamini mteja.

Nilipowaandikia wafadhili kuomba pesa zilizobaki ziwe mfuko wa kuwalipa wakulima siku ya mavuno, walijibu kwa upole kwamba kanuni haziruhusu ruzuku kugeuzwa mtaji wa kuzungusha. Siwalaumu, walifadhili nilichoomba. Ningeuliza mwanzoni, ama tungejadiliana, ama ningejua nisiombe.

Kilichobaki kikundi kimekipanga chenyewe, bila mchoro. Shule ile wanaiuzia kiasi ambacho wanachama wamekubali kukingoja, si zaidi. Kuna akademia moja ya binafsi inayolipa kila Ijumaa kwa M-Pesa, bei iko chini kidogo, nao wameona inawafaa. Kinachobaki kinakwenda kwa mama mboga wa sokoni Kitengela na, ndiyo, kwa mzee wa koti la kijivu. Ila anapima kwa mizani ya kikundi. Mizani hiyo ilinunuliwa kwa ruzuku. Katika vyote nilivyoviorodhesha, ndicho kitu kilichowaongezea pesa, na kilikuwa cha bei ndogo. Kila malipo ya shule yakiingia, wanakata sehemu kuweka akiba ya kulipana siku ya kuvuna. Akiba hiyo inakua taratibu sana. Baadhi ya waliotoka wamerudi. Wengine hawakurudi, na sioni sababu ya kuwashawishi.

Sasa nikurudie wewe unayejaza fomu. Kabla hujaandika neno usawa, nenda kwa bursa umwombe akuonyeshe orodha ya anaowadai na wanaomdai, na umri wa kila deni. Akikataa kukuonyesha, hiyo nayo ni habari. Mtafute broka ukae naye, umuulize anawalipa wakulima kwa pesa gani, na usimhukumu mpaka umesikia. Chukua kalenda ya shule, futa miezi ya likizo, kisha panda kulingana na kilichobaki. Dai LPO ya maandishi hata kama mteja ni rafiki yako. Orodhesha wanachama wako, na kando ya kila jina andika: huyu anaweza kungoja wiki ngapi? Ukikuta wengi hawawezi hata moja, basi jambo la kwanza mradi wako unalohitaji ni pesa za kuwalipa siku hiyo, na mengine yote yanafuata.

Wenye ruzuku nao niwaombe jambo moja: ruhusuni mtaji wa kuzungusha, hata uwe mdogo, hata uwe na masharti makali. Mkifadhili jengo mkaacha siku ya malipo, mnawachagulia washindi bila kujua. Na shule zetu, hasa zinazosema zinataka chakula cha jirani, zitenge pesa za wazazi za chakula zisiguswe. Mkulima wa ploti ndogo hana uwezo wa kuikopesha serikali.

Na kama wafadhili watakwambia kanuni haziruhusu, usitie sahihi kwanza ukitumaini mambo yatajipa. Rudi kwa akina mama uwaeleze wazi kwamba soko hilo bei yake ni nzuri, ila malipo yake ni ya kungoja miezi. Waamue wenyewe kama wanaliweza. Mimi niliwaamulia.